Kompyuta ya Mama inakata waifai

Kikundi: Familia Yetu

JUMAMOSI

Mama: Wanangu, hii kompyuta ya mezani imenishinda. Mtandao unakuja, unaondoka. Tangu asubuhi natuma mafaili ya kazi, yakifika katikati yanagoma. Na kesho jioni yanatakiwa.

Zuhura: Ni kweli, niko naye hapa. Alama ya waifai imejaa kabisa pale kwenye kona, lakini ukurasa haufunguki. Ukisubiri unarudi wenyewe. Baadaye kidogo, yale yale.

Baba Mdogo: Pole shemeji. Hao watu wa mtandao ndivyo walivyo. Wapigie uwabane.

Mama: Nimeshawapigia. Wanasema kwao laini iko sawa.

Mamdogo: Dada, nyuma ya ruta kuna kitundu kidogo. Ingiza pini, bonyeza mpaka taa zizime. Yangu ilipona hivyo.

Idi: Shikamooni wote. Tafadhali msiguse hicho kitundu! Hakizimi na kuwasha tu, kinafuta kila kitu: jina la waifai, nenosiri, na mara nyingine hata zile taarifa mlizopewa na kampuni za kuingilia mtandaoni. Mkizifuta, hata simu zitakosa mtandao leo. Kama ni kuzima na kuwasha, chomoeni waya wa umeme, msubiri nusu dakika, mrudishe.

Mama: Marahaba mwanangu. Hilo tumeshafanya. Inatulia kidogo, kisha inarudi kulekule.

Idi: Sawa. Kabla ya kubadilisha chochote tujue kwanza inakatikia wapi. Kuna safari mbili hapa: kompyuta kwenda kwenye ruta, halafu ruta kwenda nje. Watu wanazichanganya, ndiyo maana mmoja anagombana na kampuni wakati tatizo liko mezani kwake, na mwingine ananunua ruta mpya wakati laini ya nje ndiyo mbovu. Zuhura, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, piga Enter. Litafunguka dirisha jeusi. Andika ipconfig, kisha niambie namba iliyo mbele ya Default Gateway.

Zuhura: 192.168.1.1

Idi: Hiyo ndiyo ruta yenu. Sasa andika
ping 192.168.1.1 -t
uiache iende. Usifunge dirisha. Mama aendelee kutuma mafaili yake kama kawaida.

Zuhura: Inateremsha mistari. time=2ms, time=3ms, time=2ms...

Idi: Safi. Hizo ni milisekunde, muda wa ruta kujibu ikiitwa. Subiri mtandao ukatike, uniambie kimebadilika nini.

Zuhura: Umekatika!! time=912ms, halafu Request timed out, tena Request timed out, 640ms, sasa Request timed out zimefuatana tu

Idi: Basi leo kampuni haina kosa. Kompyuta inaita ruta iliyo nyumba moja nayo na haipati jibu. Huko nje hata hatujafika.

Baba Mdogo: Sasa mbona Zuhura anatuandikia vizuri na yuko humo humo ndani?

Zuhura: Kweli, simu yangu iko kwenye waifai hiyohiyo. Nimeiweka juu ya kompyuta kabisa na video inacheza bila kukwama.

Idi: Swali zuri Baba Mdogo. Zuhura, simu imeshika jina lipi? Ruta hiyo inatoa majina mawili.

Zuhura: Lenye 5G mwishoni. Kompyuta iko kwenye lile jingine. La 5G kwenye kompyuta halionekani hata kwenye orodha.

Mamdogo: Si kwa sababu kompyuta haina laini ya 5G?

Idi: Hapana Mamdogo, ile 5G ya minara ya simu ni kitu kingine. Hapa ni gigahetsi 5, masafa ya redio. Waifai za nyumbani nyingi zinatumia masafa mawili, 2.4 na 5. Ya 2.4 inafika mbali zaidi na inapenya kuta vizuri, ila imesongamana: Bluetooth iko humo, maikrowevu ikiwaka inavujisha humo, na ruta za majirani nazo ziko humo. Kile kidude cha waifai kilichochomekwa kwenye kompyuta ya Mama ni cha zamani, kinajua 2.4 tu. Kwa hiyo simu na kompyuta hazikuwa kwenye masafa mamoja, na huwezi kuzilinganisha. Zuhura, hamishia simu kwenye jina lisilo na 5G, halafu jaribu tena palepale.

Zuhura: Nimehamisha. Sebuleni inakwenda vizuri. Nikiileta juu ya kompyuta inakwamakwama. Nikirudi sebuleni, inakwenda!

Idi: Hapo hapo! Hiyo ndiyo habari niliyokuwa naitafuta. Vifaa viwili tofauti vinasumbuka mahali pamoja. Kwa hiyo tuiache Windows kwanza, na kidude tusikitupe. Kuna kitu karibu na kompyuta kinapiga kelele.

Mama: Kelele gani Idi? Hapa kimya.

Idi: Kelele za redio mama, sikio halizisikii. Ni kama mtu anazungumza nawe kando ya mashine ya kusaga: yuko karibu, sauti yake ni kubwa, na bado humpati. Zile alama za waifai zinapima sauti ya ruta tu, hazipimi kelele. Ndiyo maana zimejaa na mtandao hakuna. Zuhura, simamisha ping kwa Ctrl na C, nitumie muhtasari wake. Halafu andika
netsh wlan show interfaces
unipe Signal, yaani nguvu ya mawimbi, na Channel, yaani chaneli, sehemu ya masafa ambayo ruta inatumia.

Zuhura: Sent = 120, Received = 91, Lost = 29, yaani asilimia 24. Signal 94%. Channel 6.

Idi: Mnaona? Nguvu ya mawimbi asilimia 94, na bado karibu pakiti moja (kipande cha data) katika kila nne inapotea. Ingekuwa umbali, Signal ingeshuka. Nipigie picha ya nyuma ya kompyuta.

Zuhura: [picha]

Idi: Kidude cha waifai kiko tundu la chini. Juu yake kuna tundu la bluu lenye waya mweusi. Huo waya unakwenda wapi?

Mama: Ni ile diski ya nje. Ndimo ninamoweka nakala zangu. Hata haya mafaili ninayotuma yamo humo.

Idi: Mama! Basi tumempata. Usiichomoe ghafla, inaweza kuharibu mafaili. Bonyeza alama yake pale chini kwenye kona, chagua Eject, ikikubali ndipo utoe. Zuhura, washa ping tena.

Zuhura: 2ms, 2ms, 3ms, 2ms. Imetulia tuli. Nimeacha mpaka 200, hakuna hata moja iliyopotea!

Mamdogo: Diski inakataje waifai jamani?

Idi: Hilo tundu la bluu mara nyingi ni USB 3.0, linapitisha data kwa kasi kubwa, mpaka gigabiti 5 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo waya na plagi vinatoa kelele za redio zinazoangukia palepale kwenye 2.4. Intel walichapisha maelezo ya jambo hili mwaka 2012. Diski ikitulia, kelele zinapungua. Mama akianza kutuma, kompyuta inasoma diski, kelele zinapanda, mtandao unakata. Mtandao ukikata, kutuma kunasimama, diski inapumzika, mtandao unarudi. Yaani kazi yenyewe ndiyo ilikuwa inaua mtandao, na hapo mtu anachanganyikiwa kabisa.

Baba Mdogo: Mimi niliwahi kuambiwa nibadilishe chaneli ya ruta. Haisaidii hapo?

Idi: Inasaidia sana kama tatizo ni ruta za majirani. Kwenye 2.4 chagua 1, 6 au 11, hizo haziingiliani. Ukiweka 3 unagongana na wa 1 na wa 6 pia. Lakini kelele za USB zinatanda masafa yote ya 2.4, kwa hiyo kwa Mama ingekuwa kazi bure.

Mama: Sasa diski nifanyeje? Nahitaji vyote viwili.

Idi: Vitenganishe tu. Kile kidude kilikuja na waya mfupi wa kurefushia, angalieni kwenye boksi lake. Kichomekeni nao, kikae juu ya meza mbali na diski. Huo waya ukikosekana, chomekeni diski kwenye tundu jeusi la USB 2.0: itakwenda polepole, lakini haitasumbua. Baadaye tutatafuta kidude kinachoshika gigahetsi 5. Na kwa kompyuta isiyohama, mimi ningepitisha waya kutoka kwenye ruta kabisa, tuachane na mambo ya redio.

Zuhura: Waya upo! Nimekiweka juu ya meza. Diski imerudi, Mama anatuma, ping 3ms. Asilimia 40... 55...

Mama: YAMEKWENDA YOTE. Mungu akubariki Idi.

JUMAPILI

Mama: Wanangu, usiku niliacha kompyuta imelala. Asubuhi nimeiamsha, waifai hakuna kabisa mpaka nilipochomoa kidude na kukirudisha. Ni ile diski tena? Mbona niliitoa?

Idi: Shikamoo mama. Hii ni nyingine. Windows inazima kidude ili kuokoa umeme, na vingine haviamki vizuri. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Windows, fungua Device Manager, chini ya Network adapters bofya jina la kidude mara mbili, nenda Power Management, ondoa tiki ya mstari wa kwanza, ule unaoiruhusu kompyuta kukizima. Usipouona huo ukurasa niambie, baadhi ya kompyuta hazina.

Mama: Nimeuona. Nimeondoa. Nimeilaza na kuiamsha, imeshika yenyewe.

Mamdogo: Idi mwanangu, na mimi nimeandika ipconfig kwenye laptopu yangu. Haina Default Gateway, na anwani yake inaanza na 169.254. Simu inashika vizuri.

Idi: Shikamoo Mamdogo. Anwani hiyo kompyuta imejipa yenyewe baada ya kuomba kwa ruta na kukosa. Andika ipconfig /release, kisha ipconfig /renew ili iombe upya, unitumie inachosema. Na hiyo simu, iko kwenye jina lipi la waifai?