Ikiwa jua hutuvuta kuliko mwezi, kwa nini bahari huufuata mwezi?

Mkazi wa Sahare, Tanga

Ndugu wanajukwaa, naombeni maelezo. Huku kwetu kila mtu anajua kwamba maji hujaa na kupwa kwa kufuata mwezi, na mama zetu wanaokwenda pwani kuokota kombe na kutafuta pweza hupanga siku zao kwa kuhesabu mwezi. Mwanangu aliye kidato cha tatu amenionyesha kanuni ya Newton ya uvutano, isemayo kwamba nguvu huongezeka kadiri tungamo linavyokuwa kubwa, na hupungua kwa mraba wa umbali. Tulipoweka namba tukakuta kwamba jua huivuta dunia kwa nguvu inayokaribia mara 180 ya ile ya mwezi. Kama jua ndilo lenye nguvu, kwa nini bahari hailifuati? Na kwa nini maji hujaa mara mbili kwa siku, ilhali mwezi hupita juu yetu mara moja?

Mpwani wa Bagamoyo

Nadhani jibu ni ukaribu. Mwezi uko umbali wa wastani wa kilomita 384,400, na jua liko kilomita milioni 150.

Mwalimu wa Fizikia

Ndugu yangu wa Bagamoyo, ukaribu unahusika lakini peke yake hautoshi, kwa sababu umbali umekwisha kuingizwa katika hesabu iliyotoa hizo mara 180. Kinachojaza bahari si ukubwa wa mvuto wenyewe, bali ni tofauti ya mvuto kati ya upande mmoja wa dunia na upande wa pili. Dunia nzima, pamoja na bahari zake, miamba yake na sisi tuliomo, inaanguka kuelekea jua kwa pamoja, na kitu kinachoanguka sawasawa na vyote vinavyokizunguka hakihisi kwamba kinavutwa. Ndiyo maana wanaanga huelea ndani ya kituo chao, ingawa uvutano wa dunia huko juu bado ni karibu asilimia 90 ya huu tulio nao hapa chini.

Sasa tuitazame tofauti yenyewe. Kipenyo cha dunia ni kilomita 12,742, yaani karibu sehemu moja ya thelathini ya umbali wa mwezi, na kwa kuwa mvuto hupungua kwa mraba wa umbali, tofauti hiyo huwa karibu maradufu: upande unaouelekea mwezi huvutwa zaidi ya upande wa pili kwa takriban asilimia 7. Kwa jua, lililo mbali mno, tofauti hiyo ni asilimia 0.017 tu. Izidishe kwa 180 na utapata takriban asilimia 3 ya mvuto wa mwezi, ambayo ni chini kidogo ya nusu ya ile 7. Jua nalo hujaza bahari, basi, ila kwa kiasi kisichofika nusu ya kile cha mwezi. Mpe mwanao hesabu hii aifanye mwenyewe. Ni nzuri sana, na haihitaji zaidi ya kuzidisha na kugawanya.

Kuhusu kujaa mara mbili, fikiria mashua tatu zilizoachwa katika mkondo ambao mbele huenda kasi kuliko nyuma. Nahodha wa mashua ya kati ataiona ya mbele ikimtangulia na ya nyuma ikibaki, na kwake zote mbili zinaachana naye, ingawa zote zinaelekea upande mmoja. Mashua ya kati ni kiini cha dunia, ya mbele ni maji yaliyo upande wa mwezi, na ya nyuma ni maji ya upande wa pili. Bahari basi huinuka pande zote mbili, na dunia inapozunguka tunapitia miinuko yote miwili. Kwa kuwa mwezi nao unasogea katika njia yake, mzunguko kamili huchukua takriban saa 24 na dakika 50.

Mkazi wa Sahare, Tanga

Nashukuru sana, Mwalimu. Limebaki jambo moja. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana kuliko kawaida, huja mwezi unapoandama na pia unapokuwa mpevu. Mwezi mpevu uko upande wa pili kabisa wa jua. Mbona mivuto haifutani?

Mwalimu wa Fizikia

Ingefutana kama kingekuwa mvuto mtupu unaotenda kazi. Lakini jua na mwezi, kila kimoja huinua maji pande mbili zinazokabiliana, hivyo vyote viwili vikiwa mstari mmoja na dunia, miinuko ya jua huangukia juu ya miinuko ya mwezi, jua liwe upande huu au ule. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi hufanya pembe mraba, kimoja kinajaza pale kingine kinapopwesha, na hayo ndiyo maji mafu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo.

Mpwani wa Bagamoyo

Hapo sasa mimi nina swali. Wakulima wa mwani wa Mlingotini huingia shambani wakati wa bamvua maji yanapopwa, karibu saa nne asubuhi, na maji hujaa karibu saa kumi. Kwa maelezo hayo, yangepaswa kujaa saa sita, wakati mstari wa jua na mwezi unapopita juu yetu.

Mwalimu wa Fizikia

Swali hili ndilo linalotenganisha bahari ya kwenye karatasi na bahari yenyewe. Karibu na ikweta uso wa dunia huzunguka kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, ilhali wimbi refu kama hili, katika bahari yenye kina cha kilomita 4, husafiri kwa takriban kilomita 700 kwa saa. Maji hayawezi kwenda sambamba na mwezi, na mabara nayo yanayazuia na kuyarudisha. Kama bahari ingefunika dunia yote na kutulia chini ya mwezi, mwezi ungeyainua maji kwa takriban nusu mita tu. Kwetu, wakati wa bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita tatu, kwa sababu ya umbo na kina cha Bahari ya Hindi na pwani yake. Kwa hiyo, ili kutengeneza jedwali la maji la bandari yoyote, hupimwa kwanza kina cha maji bandarini hapo kwa muda mrefu, ndipo hesabu za mwezi na jua zitumike kukadiria miaka inayofuata.