Eti sisi ni "watoto wa kuokota mipira"! Historia ya hoki ya patini Lubumbashi imeibwa mchana kweupe

mwana_katuba:
Bandugu, naandika mikono ikitetemeka. Nimetoka sasa hivi kwenye sherehe ya ligi yetu, hata bukari, ugali wetu, sikugusa. Yule bwana mnamjua. Jina silitaji. Miwani ya jua ndani ya ukumbi, saa mbili za usiku, nani mwingine?

Amekamata maikrofoni, akatoa karatasi mfukoni, akatangaza kwamba anatusomea historia ya hoki ya patini, hoki ya viatu vya magurudumu, katika mji wetu. Akajisoma yeye. Ukurasa wa kwanza yeye, wa pili yeye, wa tatu bibi yake. Halafu akageuka kwenye meza yetu, ile waliyotupa karibu na mlango wa choo, akasema: "Kulikuwa pia na wale watoto waliotuokotea mipira. Wasimame tuwapigie makofi."

Watoto wa kuokota mipira!

Na yaya wetu, mkubwa wetu, alikuwa pale pale. Yaya aliyeuleta mchezo huu, mtu wa mvi, mtu wa wajukuu, anaambiwa asimame. Na ukumbi mzima ukapiga makofi!

Nani asiyejua historia yetu? Yaya alifanyaka kazi Angola, na Waangola hoki ya patini wako nayo tangu wakati wa Wareno. Mwaka 2013 waliandaa hata Kombe la Dunia, Luanda na Namibe, mara ya kwanza kombe lile kufika Afrika. Yaya alirudi na jozi mbili za patini ndani ya mfuko wa mchele. Jozi mbili, vijana mtaa mzima! Tulikuwaka tunagawana, mguu wako mmoja, mguu wangu mmoja, na tunakimbiza mpira hivyo hivyo. Fimbo alizichonga mwenyewe kwa mbao za masanduku ya mizigo. Ncha anaishikilia juu ya mvuke wa sufuria mpaka mbao ilegee, anaikunja taratibu kwa goti, anaifunga kamba ikauke usiku kucha, asubuhi anaizungushia utepe mweusi wa fundi umeme. Magoli yalichomelewa na fundi wa Kenya kwa mkopo. Nyavu ni mifuko ya vitunguu.

Yule bwana wakati huo alikuwa wapi? Alikuwa ndani ya gari, anapiga honi tumpishe! Amekuja watu walipojaa, akagawa jezi zenye sura yake kubwa kuliko namba ya mchezaji. Mtu ambaye msimu uliopita aliuliza juu ya nini refa hatoi kona! Kona, kwenye hoki ya patini! Leo huyo njo mwanahistoria.

"Waliotuokotea mipira." Walituokotea nani? Yeye patini hajawahi kuvaa hata akiwa amekaa kwenye kiti!

Nataka aichane ile karatasi, na aombe msamaha mbele ya watu wale wale, kwa maikrofoni ile ile.

kijana_wa_kampemba:
Pole sana yaya. Swali moja tu. Mlisimama au hamkusimama?

mwana_katuba:
Yaya alisimama kwa heshima yake, sisi tungebaki tumekaa?

kijana_wa_kampemba:
Hahahaha basi mlikubali! Kesi imefungwa.

kipa_mstaafu:
Mwana Katuba, kabla hujamlilia yule bwana nijibu mimi. Kipa wa kwanza wa ligi hii alikuwa nani? Nilidaka kwa glovu za mchomelea vyuma, magoti nimeyafunga vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu la lori. Ule mpira wa hoki ni mgumu, ukikupiga mbavu unaona nyota mchana. Yule bwana hakunitaja, sawa, ni mgeni. Wewe je? Umeandika gazeti zima, umetaja mpaka mifuko ya vitunguu, mimi hapana!

mwana_katuba:
Mzee kipa, nilikuwa nakuja kwako. Lakini wewe hukuitwa mtoto wa kuokota mipira mbele ya watu.

kipa_mstaafu:
Mimi sikualikwa hata kwenye sherehe. Afadhali ninyi mlipewa meza.

mama_wa_soko:
Sufuria ya mvuke ilikuwa ya nani? Semeni. Nilirudi kutoka sokoni jioni nikakuta maji yamekauka, sufuria imeungua, na mbao imeegemea ukuta. Mpaka leo haijalipwa. Na jezi zenu nilizifua bure mwezi wa saba, vumbi jekundu haliishi, maji yenyewe ya kuchota. Historia ya nani hiyo mnayogombania?

mwana_katuba:
Mama, tutazungumza nyumbani.

mama_wa_soko:
Hapana, hapa hapa.

dada_wa_nairobi:
Samahani, nimeingia tu. Fundi alitoka Kenya mpaka Lubumbashi kuchomelea magoli?

kijana_wa_kampemba:
Kenya ni komini yetu hapa mjini, dada. Fundi alitembea kwa miguu.

dada_wa_nairobi:
Aaa, asante. Kwetu Nairobi kuna Ice Lions, hoki yao ni ya barafu. Hebu ulizeni bei ya kukodi barafu kwa saa moja ndio mjue malalamiko ni nini.

mtoto_wa_kadutu:
Watu wa Lubumbashi mna ardhi tambarare na bado mnalia. Njooni Bukavu. Mji wote ni mteremko, mpira ukitoka unaufuata mpaka ziwani. Hapa kwetu mwenye kuokota mpira ndiye mtu wa maana kuliko kapteni!

mwana_katuba:
Usilichezee hilo neno, kijana. Hukuona uso wa yaya.

mjuzi_wa_michezo:
Mnakosa jambo kubwa. Hoki ya patini ilichezwa Olimpiki ya Barcelona 1992, mchezo wa maonyesho. Argentina walichukua dhahabu mbele ya Wahispania, nyumbani kwa Wahispania wenyewe! Na mwaka 2011 Msumbiji walishika nafasi ya 4 duniani. Majirani zetu Waangola wanajulikana dunia nzima kwa mchezo huu. Sisi tunagombana kuhusu sufuria.

mama_wa_soko:
Wewe mjuzi, sufuria ilikuwa yako?

kunguru_mweusi:
Hoki, hoki... Mji huu ni wa mpira wa miguu, wa klabu yetu Mazembe. 2010 tuliwafunga Internacional ya Brazil 2-0, tukaingia fainali ya dunia ya klabu. Mkitaka historia ya kipa, semeni kipa wetu Kidiaba alivyokuwa akiruka kwa makalio. Mengine ni kelele.

njano_na_bluu:
Na fainali? Malizia. Inter ya Italia 3, ninyi?

kunguru_mweusi:
Ninyi wa klabu ya Lupopo mlikuwa mnaangalia kwenye televisheni ya jirani. Sisi tumeanza 1939.

njano_na_bluu:
Na sisi 1939! Tena yetu ilianzishwa na wafanyakazi wa reli, yenu ni ya mapadri.

kunguru_mweusi:
Mapadri walikuwa na mpira, ninyi mlikuwa na mataruma.

mwana_katuba:
Jamani turudi kwenye mada! WATOTO WA KUOKOTA MIPIRA! Mtu mzima, mbele ya wajukuu wake!

njano_na_bluu:
Subiri kidogo yaya, huyu wa Mazembe sijamaliza naye.

kipa_mstaafu:
Kwa Kidiaba nakubali. Ila avae patini tuone kama ataruka hivyo.

muuza_vitu:
Nina patini namba 42, zimetumika kidogo, beringi mpya. Gurudumu moja limepasuka.

mtoto_wa_kadutu:
Bei? Unatuma Bukavu?

muuza_vitu:
Nauli juu yako. Andika pembeni.