Goti la bandia linakaa miaka mingapi? Mama anaogopa

Kijana wa Mabatini
Habari za jioni wakuu. Mama yangu ana miaka 64, kauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba hapa Mwanza zaidi ya miaka 20, kazi ya kuinama na kubeba, na kwetu ni juu kabisa kwenye mawe huku Mabatini yani kila siku ni kupanda na kushuka. Goti la kulia limesagika, eksirei inaonyesha mfupa unagusa mfupa, sindano kachomwa mara tatu anapata nafuu wiki chache maumivu yanarudi. Daktari kasema libadilishwe. Sasa kuna jirani kamwambia goti la chuma linakaa miaka 10 tu, likiisha mguu unakatwa, tangu hapo mama hataki hata tuliongelee. Waliowekewa naomba mniambie ukweli, linadumu? Na mmeridhika?

Fizio Igoma
Pole kwa kuuguza mkuu. Mimi kazi yangu ni mazoezi ya viungo. Hiyo ya jirani mwambie mama aifute. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilitoa hesabu za Australia na Finland, kule kila goti linalowekwa linaandikwa kwenye daftari la taifa na kufuatiliwa, ikaonekana yaliyobadilishwa goti zima kama 82 kati ya 100 yanafika miaka 25 bila kutolewa. Yale yaliyobadilishwa upande mmoja tu wa goti ni kama 70. Umri nao una uzito, utafiti mwingine wa Uingereza wa 2017 ulionyesha waliowekewa wakiwa wamevuka miaka 70 wanaokuja kurudiwa ni kama 5 tu kati ya 100, ila wanaume waliowekewa mwanzoni mwa miaka 50 walifika kama 35 kati ya 100, maana bado wana miaka mingi na shughuli nyingi mbele. Kinachochakaa ni ile plastiki ngumu katikati ya chuma cha juu na cha chini, au chuma kinalegea kwenye mfupa, au wadudu wanaingia. Hapo inafanyika oparesheni ya kurudia, ni nzito kuliko ya kwanza sikufichi, lakini kukatwa mguu ni nadra sana na mara nyingi ni pale maambukizi yameshindikana.

Mama Nyegezi
Mwanangu mimi niliwekewa la kushoto 2018. Wiki sita za mwanzo nililia, nilijuta, usiku silali. Kufika mwezi wa nne natembea mpaka sokoni bila fimbo na yale maumivu ya usiku sijayaona tena hadi leo. Lakini kupiga goti siwezi, likigusa chini nasikia vibaya. Na mimi ni Msukuma nimeolewa Magu, unajua kwetu mkwe humsalimii umesimama, ile mara ya kwanza nimeinama tu mbele ya mama mkwe machozi yalinitoka, yeye ndo akaniinua akasema salimia ulivyo mwanangu. Choo cha kuchuchumaa pia nimeacha. Mwambie mama haya mapema asije kuyakuta kama mimi.

Msengerema
Baba yangu yeye hajaridhika na sitadanganya. Eksirei kila wakipiga wanasema chuma kimekaa vizuri, ila goti halikunji kufika hata nyuzi 90. Alitegemea arudi kwenye mtumbwi kuvuta nyavu kama zamani. Mazoezi aliacha wiki ya tatu, enzi hizo daraja la Kigongo-Busisi halijaisha, kuja mjini ni foleni ya kivuko na nauli, sisi watoto tukaona kidonda kimefunga basi kapona. Hilo linaniuma mpaka leo.

Fizio Igoma
Pole sana Msengerema. Hilo lipo hata kwenye nchi zilizoendelea, karibu mtu mmoja kati ya watano anasema hajaridhika na goti lenyewe ni zima kabisa. Wengine ni maumivu yaliyobaki, wengine limekaza, na wengi walitegemea goti la ujana. Kijana, muulize mama anataka goti limfanyie nini, kisha muulize daktari kama hicho kinawezekana. Na aanze mazoezi ya paja sasa hivi kabla ya oparesheni, kama ana sukari ishushwe kwanza, jino bovu au kidonda kitibiwe.

Kijana wa Mabatini
Shikamoo mama Nyegezi, asanteni wote. Nimemsomea mama yote, ya miaka 25 kasikiliza tu, ila nilipofika kwenye ya mama mkwe kanyamaza muda mrefu halafu kasema yeye wa kuwapigia magoti wote wameshatangulia, anachotaka ni kulala usiku na kupanda mwenyewe mpaka nyumbani. Kliniki ni Jumatatu ijayo nitauliza hilo la kupanda. Ila choo chetu ni cha kuchuchumaa, mama ulitengeneza vipi chako, uliweka sinki la kukaa au kile kiti cha mbao chenye tundu?

Mama Nyegezi
Marahaba. Nilianza na kiti cha mbao, fundi hapa Nyegezi alinipigia, kiwe kirefu kidogo na kina pa kushika pande zote mbili. Mwambie mama anipigie, nakutumia namba inbox.