Naomba ushauri: nidhamu ya kijana wa kidato cha pili msimu huu wa korosho

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za majukumu. Ninaishi Newala, mkoani Mtwara, na ninamlea mpwa wangu wa kidato cha pili ambaye, tangu korosho zianze kudondoka mwezi Oktoba, huaga kwamba anakwenda shule lakini huishia kwenye mashamba ya watu akiokota kwa ujira. Jioni hurudi na shati lenye madoa ya mabibo yasiyotoka kwa sabuni yoyote, kisha hunisalimia kwa adabu zote kama aliyetoka darasani, na huku upimaji wa kitaifa umekaribia.

Shemeji anataka achapwe shuleni, ingawa kwa mila zetu za Kimakonde mjomba ndiye mwenye neno. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, tena kwa mamlaka ya mkuu wa shule. Lakini naona fimbo itamfundisha kujificha vizuri zaidi, ilhali nidhamu ninayoitaka ni ya kujizuia hata pasipo mtu wa kumwona. Ugumu ni kwamba fedha hizo hazichezei: ananunua madaftari na sukari ya bibi yake, ambaye sasa ndiye wakili wake.

Mliolea au kufundisha vijana wa umri huu, je, nikimruhusu kuokota Jumamosi pekee kwa sharti la kuhudhuria masomo nitakuwa nimehalalisha utoro? Na ni adhabu gani isiyo ya kipigo iliyowahi kuwasaidia?