Kompyuta ya marehemu baba haioni diski: nani anazijua kontrola za zamani?

BintiLangoni (Lamu)
Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina kompyuta ya marehemu baba, XT (aina ya PC ya zamani) ya kuunganishwa, prosesa 8088, memori kilobaiti 640, na ndani yake diski ngumu ya Seagate ST-225 ya megabaiti 20. Baba aliinunua Mombasa mwaka 1988 ikiwa imeshatumika. Kila baada ya Isha alikuwa akiketi mbele yake akiandika kwa WordStar, programu ya kuandikia, maneno ya mafundi wa majahazi wa Matondoni. Babu alikuwa fundi huko, na baba akiwafuata wazee mmoja mmoja, anauliza kila ubao unaitwaje, kila kamba inaitwaje, anarudi nyumbani na daftari, anaandika. Hakuna hata ukurasa mmoja uliochapishwa. Flopi alizowekea nakala zimeota ukungu, zote isipokuwa moja ya kuwashia, DOS 3.3 (programu inayoendesha mashine), iliyokuwa ndani ya kopo la plastiki.

Tatizo lilianza pole pole. Nikiiwasha inahesabu memori, kisha inaandika 1701, kisha inataka flopi. Nikiizima na kuiwasha tena, mara nyingine diski inakubali. Juma lililopita hali ikageuka: nabonyeza swichi, feni inajitikisa kidogo, inatulia. Hakuna mlio, hakuna taa. Fundi wa redio hapa mtaani amenambia diski imekufa, nisijisumbue. Wazee waliomsimulia baba wengi wameshatangulia mbele ya haki. Naombeni ushauri, na naombeni muniambie kwa lugha nyepesi kwa sababu mimi ni mshonaji, si fundi umeme.

Kasi486 (Dar es Salaam)
Pole dada. Hiyo 1701 ni kosa la diski. Washa kwa flopi, ingia DEBUG, ile programu ndogo ya DOS, andika g=c800:5, itakuletea menyu ya kufomati diski upya kutoka chini kabisa. Nimeziokoa diski kadhaa kwa njia hiyo.

MzeeWaDOS (Mombasa)
Binti yangu, tafadhali USIFANYE hivyo. Kasi486, najua nia yako ni njema, lakini amri hiyo inafuta kila kitu. Wewe uliziokoa diski, yeye anataka kuokoa kilichomo. Ni mambo mawili mbalimbali.

Sikiliza. Katika mashine hizi diski haina akili yake yenyewe. Ina injini, vichwa na saketi chache tu. Anayeisoma, anayejua kila sekta (kipande cha maandishi) ipo wapi, ni kontrola: ile kadi ndefu iliyochomekwa kwenye bodi mama, yenye waya bapa mbili zinazokwenda kwenye diski, moja ya pini 34 na moja ya pini 20. Na namba 1701 inaandikwa na programu iliyomo kwenye chipu ya kadi hiyo hiyo. Maana yake kadi imejaribu kuzungumza na diski ikashindwa. Haisemi nani mwenye kosa. Yaweza kuwa diski, waya, meno ya kadi, au kadi yenyewe.

Sasa hii ya feni kujitikisa na kutulia ni habari nyingine, na kwangu mimi ni habari njema. Saplai ya umeme inahisi mahali fulani nyaya zimegusana, inajizima ili isiungue. Diski iliyokufa kwa kawaida haifanyi hivyo. Usiendelee kubonyeza swichi. Chomoa waya ukutani, fungua kasha, piga picha za kila waya kabla hujagusa (angalia ule mstari mwekundu pembeni mwa waya bapa, ndio upande wa pini namba 1). Kwanza chomoa plagi ya umeme ya diski tu, jaribu kuwasha mara moja. Ikikataa, zima, chomoa kadi ya kontrola, jaribu tena. Utuambie.

BintiLangoni
Mzee wangu, nimefanya kama ulivyosema. Kutoa plagi ya diski: bado imekufa. Kutoa kadi: IMEWAKA. Imehesabu memori mpaka 640, nimetia flopi ya DOS, imeniletea alama ya A> na nukta inapepesa. Nimelia. Mama alikuja mbio kutoka jikoni akidhani nimepigwa na umeme.

ChumaMalindi
Alhamdulillahi. Basi mwenye kosa umemjua, na si diski. Dada, una mita? Azima kwa huyo fundi wa redio. Iweke kwenye ohmu, kadi ikiwa mkononi, nje ya mashine.

Kadi ina meno pande mbili. Upande wenye chipu huitwa A, upande wa nyuma, wa lehemu, huitwa B. Geuza upande B, anza kuhesabu kutoka kwenye bati la kadi, lile linalotokeza nyuma ya kompyuta: jino la kwanza ni B1. Volti 12 zinaingia B9. Ardhi ni B10, jirani yake. Pima kati ya hayo mawili. Kisha pima B3 na B1, hapo ni volti 5.

Halafu tazama juu ya kadi kwa tochi ya simu. Tafuta kapasita ndogo zenye umbo la tone, rangi ya manjano au ya machungwa. Ni za tantalamu. Zikizeeka zina tabia ya kushikana ndani na kuwa kama waya mtupu. Wakati mwingine hupasuka kwa moto, ndiyo maana Mzee kakukataza kubonyeza swichi.

BintiLangoni
B3 na B1 mita inapanda taratibu mpaka mia kadhaa. B9 na B10 inaonyesha 0.4 na haitembei.

Na nimeliona. Karibu na plagi ya waya wa pini 20 kuna tone moja la manjano lenye ufa mwembamba kama wa ganda la yai, na chini yake bodi imekuwa kahawia. Nilipolisogezea pua lina harufu ya kuungua mpaka leo. Limeandikwa 10 na 16. Mengine mawili ni mazima.

ChumaMalindi
Ndilo hilo. 0.4 ni kama waya mtupu. Tone ni la mikrofaradi 10, volti 16. Kwenye njia ya volti 12 kiwanda kiliacha nafasi ndogo mno, mimi huweka ya volti 25. Ninazo. Niletee kadi.

Kasi486
Dada naomba radhi kwa ushauri wa mwanzo, nilisoma haraka. Ila kwa nini asinunue kadi nyingine? Siku hizi kuna kontrola iitwayo XT-IDE, unatia kadi ya memori ya CompactFlash badala ya diski, haina kelele wala injini.

MzeeWaDOS
Umesamehewa, mwanangu. XT-IDE ni kitu kizuri na nitamshauri aitie baadaye ili mashine iendelee kuishi. Lakini haiwezi kuisoma ST-225 hata kidogo, ni lugha tofauti kabisa. Na hata kontrola nyingine ya zama zile zile, ikiwa ya kiwanda kingine, huenda isielewe kilichoandikwa na hii. Mitungi 615 (njia za duara kwenye sahani za diski), vichwa 4, sekta 17 kila mzunguko, hesabu inalingana, lakini kila kiwanda kilikuwa na namna yake ya kuweka alama baina ya sekta. Diski hii ilifomatiwa na kadi yake, na kadi yake ndiyo inayoijua. Kwa hiyo kadi hii inatibiwa, haitupwi.

NahodhaMstaafu (Lamu)
Mwanangu, babako nalimjua. Alikuja kwetu na daftari lake, akaniuliza kuhusu foromali, ule mti unaobeba tanga, tangu Alasiri mpaka Magharibi. Sina elimu ya kompyuta, lakini mjukuu wangu ananisomea haya yote. Ukitaka mtu wa kukupeleka Mokowe na kifurushi chako, nambie, mashua ipo.

BintiLangoni
Shikamoo babu. Nitakuja nyumbani kwako Ijumaa, inshaallah. Chuma, nilete kompyuta nzima au kadi peke yake?

ChumaMalindi
Kadi peke yake, ifunge kwa karatasi ya fedha ya jikoni kisha kwenye kitambaa. Diski isitoke hapo ilipo. ST-225 haiegeshi vichwa vyake yenyewe ukiizima. Vinabaki vimekaa juu ya sahani palepale viliposimama, juu ya maandishi. Mashua mpaka Mokowe, kisha basi na mashimo yote yale mpaka Malindi, vichwa vitakuwa vinagongagonga juu ya maneno ya baba yako. Lazima uendeshe kwanza programu ya kuviegesha, na bila kontrola huwezi. Basi diski ikae Lamu.

*(baada ya siku sita)*

ChumaMalindi
Kadi imefika, nimetoa tone lililopasuka, kabla sijaweka jipya nimepima: B9 na B10 sasa inapanda mpaka elfu kadhaa. Nimelehemu ya volti 25, upande wa kujumlisha nimeuhakikisha mara mbili maana tantalamu ikigeuzwa inalipuka. Na nyie watu wa pwani, nasema na nafsi yangu pia: meno ya kadi yalikuwa meusi. Hewa ya chumvi. Nimeyasugua kwa raba ya penseli, nikayafuta kwa spiriti ya isopropili. Naamini 1701 zile za mwanzo, za mara inakubali mara inakataa, zilitoka hapo, na tone lilikuwa likifa kivyake. Nimeitia kwenye XT yangu, nikaingia DEBUG, nikaandika d c800:0. Baiti mbili za kwanza zimetoka 55 AA. Hiyo ndiyo alama ya kuwa chipu ya kadi inaonekana na mashine. Ingekuwa FF FF ningekuwa na maneno mengine. Kadi inarudi na basi la kesho, pamoja na flopi 6 safi.

MzeeWaDOS
Binti, ikirudi: sugua pia meno ya waya bapa pale zinapoingia kwenye diski. Jampa, vile vijiplagi vidogo vya kuchagulia, usiziguse. Ikiwaka, usizungukezunguke humo kutazama, nakili kwanza.

BintiLangoni
Imewaka.

Mara ya kwanza 1701. Moyo ulisimama. Nikazima, nikachomoa waya wa pini 20, nikausugua tena kwa kitambaa chenye dawa, nikaurudisha mpaka nikahisi umekaa. Safari ya pili diski ilipiga ule mlio wake wa kupanda, kama feni kubwa inayoamka, kisha tiki-tiki-tiki, kisha C> ya diski ngumu ikaja. Nilikuwa nimeusahau mlio ule. Niliusikia kila usiku nikiwa mtoto, nimelala chumba cha pili.

Faili 41, zote pamoja kilobaiti 690 hivi. Nimezinakili kwenye flopi mbili, kisha nikafanya nakala ya pili kwenye mbili nyingine, nikaendesha ile programu ya kuegesha vichwa, nikazima. Flopi mbili ziko njiani kuja Malindi.

ChumaMalindi
Zimefika, zimesomeka zote. Nimezipitisha kwenye kompyuta ya 386 yenye flopi za aina zote mbili, sasa ziko kwenye laputopu. Ila dada, maandishi yametoka hivi, tazama: *mkukõ né mté wá chiné unaobebá chombï chotå*. Kila neno mwishoni limeharibika. Naogopa diski imeanza kuoza.

Kasi486
Haijaoza! Hili nalijua, na nafurahi kuwa na la kuchangia. WordStar ya zamani ikipanga aya huongeza 128 kwenye herufi ya mwisho ya neno, ni alama yake ya ndani. a ni 97, ikiongezwa inakuwa 225, na laputopu inaichora á. i inakuwa é, u inakuwa õ. Na maneno yetu karibu yote yanaishia kwa vokali, ndiyo maana inaonekana hivyo kila mahali. Nimeandika programu fupi: kila baiti iliyofika 128 au zaidi inapunguziwa 128. Naituma hapa sasa hivi. Usiihifadhi juu ya faili za asili, tengeneza mpya.

BintiLangoni
*mkuku ni mti wa chini unaobeba chombo chote*

Ndiyo faili ya kwanza, ukurasa wa kwanza. Chini yake kuna taruma, kisha kalafati, na mbele ya kila neno ameandika alilisikia kwa nani na siku gani. Babu Nahodha, foromali ipo, na jina lako lipo. Ijumaa nakuja nayo imechapwa.