Laki nne na nusu yangu imeliwa na kituo kinachofundisha Kichina bila toni

Wakuu, salaam.

Nimevumilia wiki tatu nikisema labda hasira zitapoa. Hazijapoa. Jina la kituo silitaji kwa sababu bado nawadai, ila waliopita pale watajua nazungumzia wapi kabla sijafika katikati ya uzi.

Nianze na kwa nini hili limeniuma hivi. Mimi sikukimbilia Kichina kwa ajili ya kuagiza mzigo. Mwaka 2011 TBC walipoanza kuonyesha ile tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake kwa sauti za Kiswahili, nilikuwa sekondari, tunajazana sebuleni kwa jirani. Wengine walifuata ugomvi wa mkwe na mkwe. Mimi nilikuwa naangalia midomo ya yule dada najiuliza, huyu mwenyewe kwa sauti yake anasema nini? Swali hilo halijanitoka mpaka leo. Nimezimaliza za mapanga, za ikulu za wafalme, za mapenzi ya chuo. Baadaye nikaanza kuzitafuta zenye sauti yao halisi, nikakuta hata wao wenyewe huwekewa maandishi ya Kichina chini ya skrini, maana mtu wa Guangzhou na mtu wa Beijing kila mmoja akiongea lugha ya kwao hawaelewani, ila maandishi wote wanayasoma. Juu ya picha kuna maoni ya watazamaji yanapita mbio, wenyewe wanayaita danmu: 666 ni kusifia, 233 ni kucheka, 88 ni kuagana, na 520 ni "nakupenda" kwa sababu wǔ èr líng masikioni mwao inakaribia wǒ ài nǐ. Ndiyo maana tarehe 20 ya mwezi wa 5 wapendanao wa kule wameifanya siku yao. Nilitaka kuingia humo ndani, nisikie bila kushikwa mkono na mkalimani.

Darasa la UDSM muda wake haukuendana na kazi yangu, mimi natoka saa 12 jioni. Ndipo nikaona tangazo la hiki kituo: miezi mitatu, jioni, "unatoka na HSK 3", yaani ngazi ya tatu ya mtihani wa kimataifa wa Kichina. Shilingi 450,000. Nilikopa kwenye kikoba nikalipa yote kwa mkupuo.

Siku ya kwanza ubaoni: NI HAO. SIE SIE. DO SHAO CHIEN. Yaani habari, asante, bei gani. Nikasema sawa, ni mwanzo. Wiki ya nne bado ni hivyo hivyo. Hakuna alama hata moja juu ya irabu, hakuna herufi hata moja ya Kichina. Nikanyoosha mkono nikauliza kuhusu toni, yaani kule kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno. Jibu, neno kwa neno: "Wachina watakuelewa kwa muktadha. Toni ni za wanaotaka kuwa watangazaji."

Jamani. Kichina cha kawaida kina toni nne na ile nyepesi ya tano, na toni ni sehemu ya neno kama irabu ilivyo. Pinyin, yaani huo mwandiko wa herufi za kilatini, imekuwa rasmi tangu 1958, na zile alama wameziweka kwa kazi hiyo. Na asije mtu hapa kuniambia masikio yetu hayawezi. Mimi nyumbani ni Mhaya, Kihaya kina toni. Darasani tulikuwa na Wasukuma na Wachaga, na lugha zao zina toni. Mwalimu anayejua kazi yake angeanzia hapo hapo.

Nilianza kupata wasiwasi kamili nilipoleta ukurasa nilioupiga chapa mwenyewe, wa pinyin halisi. Mwalimu wetu alisoma qù "ku". Alisoma cài "kai". Wakuu, q ya pinyin iko karibu na "ch" yetu, na c ni "ts". Haya mtoto wa wiki ya kwanza anayajua. Nikamwonyesha, akasema mimi mbishi na nawapotezea muda wenzangu.

Sasa sikilizeni kilichonipata Kariakoo. Mwezi wa pili nikaingia duka la mama mmoja wa Kichina, makava ya simu. Nikasema nataka kununua kumi, wǒ yào mǎi shí ge, kwa jinsi nilivyofundishwa, mdomo umenyooka tu. Kununua ni mǎi, sauti inazama chini. Mimi nilitoa mài, inayoporomoka kwa nguvu, ambayo ni kuuza. Yule mama akaacha kikokotoo, akanitazama begi. "Nǐ mài shénme?" Unauza nini? Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, kosa lile lile. Akapunga mkono kuelekea mlangoni: bú yào, bú yào, sitaki, sitaki. Alidhani ni machinga nimekuja kumsumbua. Kijana muuzaji wake, Mtanzania, hajawahi kukaa darasa lolote, ndiye aliyenichorea hewani kwa kidole, hii inashuka chini hii inadondoka, kisha akachukua kalamu akaandika nyuma ya risiti 买 na 卖. Kuuza ni ile ile kununua, imebandikwa msalaba juu. Dakika tano. Bure. Risiti hiyo ninayo mpaka leo.

Hata pale ambapo sisi Waswahili tuna bahati, wameipoteza. Kichina huwezi kuhesabu kitu bila neno la kipimo katikati: vitu virefu virefu kama samaki, barabara na suruali vinachukua tiáo, vyenye uso bapa kama meza, karatasi na tiketi vinachukua zhāng, kitabu kinachukua běn. Mtu aliyekulia kwenye ngeli analipokea hilo bila shida, kwamba kila kitu kina kundi lake. Sisi tuliambiwa "weka ge kila mahali, inatosha". Ni sawa na kumfundisha mgeni aseme "kitabu langu" halafu unachukua hela yake.

Niliomba siku moja tutumie hata dakika tano za tamthilia, tusikie watu wakiongea kwa kasi yao. "Hapa hatujaja kuangalia sinema, tumekuja kutafuta hela." Darasa zima likacheka. Hili ndilo lililoniumiza kuliko pesa.

Kisha mtihani. Kwa mtindo wa mtihani nilioufanya mimi, HSK 1 na 2 maswali yalikuwa na pinyin. Kuanzia HSK 3 karibu kila kitu kilikuwa kwa herufi za Kichina, maneno 600, maswali 80, na kufaulu ilikuwa alama 180 kati ya 300. Mtu anayetangaza HSK 3 bila kufundisha herufi analijua hilo au halijui, na yote mawili hayana utetezi. Nilipata 97, na karibu zote zimetokana na kusikiliza, yaani zimetokana na tamthilia zangu za usiku. Kituo kikaniita nikachukue "cheti cha HSK" chao chenye mhuri wao. HSK haitolewi na kituo cha mtaani; matokeo yake unayaangalia mtandaoni kwa namba yako ya mtihani. Nimekikataa.

Nimewaandikia barua mbili nikidai nusu ya ada. Kimya. Simu wanakata.

Ninachoomba: kama ulisoma pale na bado una stakabadhi na lile tangazo la "unatoka na HSK 3", njoo inbox, tupo wanne tayari na tunataka kwenda pamoja. Na kama kuna anayemfahamu mwalimu wa jioni, Dar, anayeandika 买 ubaoni siku ya kwanza na kukufanya uitamke mpaka ikae, niwekeeni hapa. Kichina siachi.