Tupeane uzoefu: skupu ya udongo kwa trekta za zamani (Massey 135, Ford 5000 na ndugu zake)

Mchimba Lambo:
Wakuu habari za wikiendi. Jana nilikua Karatu kumsalimia shemeji, jirani yake ana boma la ng'ombe, nikapita nikaona hori la maji la ajabu ajabu, chuma kizito kina mashavu pembeni, nikainama nikaangalia vizuri nikakuta matundu ya pini mawili chini na moja juu. Kumbe ni skupu ya trekta!! ile ya zamani ya kufunga nyuma kwenye mikono mitatu, ya kuvuta kamba imwage. Marehemu babu alikua nayo tulichimbia lambo nikiwa darasa la tano, sijaiona tena mpaka jana. Mwenyewe anasema haiuzi, ng'ombe wameizoea.

Sasa mimi nina 135 ya mwaka 71 imekaa tu inavuta tela la kokoto, nataka nichimbe kabwawa kadogo kabla ya vuli. Waliowahi kutumia hii kitu walipata wapi, wametengenezaje, na yaliyowapata. Tupeane uzoefu.

Fundi wa Gerezani:
Mkuu usihangaike na ya kizamani, original sa hivi utatafuta mpaka uzeeke. Leta trekta au leta vipimo vya mikono. Plate ya mm 6 moja ya futi 4 kwa 8 inatosha skupu ya 135 na chenji inabaki ya mashavu. Kisu cha mbele usiweke plate ya kawaida itaisha mwezi mmoja, tafuta blade ya greda iliyotumika, barabarani wakibadilisha wanazitupa zina nyama bado. Ukikosa weka springi ya lori, ila springi ukichomelea bila kuipasha moto kwanza inakatika kama biskuti.

Kitale Moja:
Hapa Kenya hizo bado ziko. Mimi nilipata yangu kwa mnada wa shamba ya mzungu mmoja alikua anafunga, ilikua imelala chini ya mti miaka na miaka hakuna mtu ameiangalia, watu wote walikua wanapigania plau na planta. Nikainunua kwa bei ya chuma chakavu. Jua kali wakanibadilishia tu pini na kamba. Nenda minada, achana na maduka.

Kokoto:
Hiyo kitu si inaitwa kijiko?

Fundi wa Gerezani:
Kijiko ni kile cha katapila chenye mkono mrefu mkuu. Hii ni skupu.

Kokoto:
Kwetu vyote vijiko. Hata beleshi ni kijiko ukiwa na njaa hahahaha

Mbulu Juu:
Umenikumbusha mbali sana mkuu Mchimba. Sisi ya kwetu mzee alisema aliinunua mabaki ya ule mpango wa karanga wa Kongwa, wa waingereza. Imeandikwa namba pembeni hadi leo. Ni mali ya kihistoria ile, chuma chake sio cha mchezo.

Mzee wa Cat 2:
Mbulu Juu na mimi wacha nikuulize, pini zake za chini unene gani?

Mbulu Juu:
Nene tu. Kama milimita 28 hivi, nilishawahi kupima nikitafuta nyingine.

Mzee wa Cat 2:
Basi mzee alikupiga fiksi. Mpango wa karanga ulianza 1947 na ukafa 1951. Trekta ndogo za mikono mitatu za wakati huo ni kina Ferguson, hizo pini yake ya chini ni milimita 22. Milimita 28 ni Cat 2, saizi ya pini ya trekta kubwa zilizokuja baadae. Halafu kule Kongwa kazi kubwa walikua wanafanya na katapila za mabaki ya vita walizonunua hadi Ufilipino, na vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa trekta. Hiyo skupu yako ni ya mashamba ya ngano huko Hanang kama sio ya juzi tu.

Mbulu Juu:
Sasa wewe ulikuepo? Mzee wangu hakua muongo.

Mzee wa Cat 2:
Sijasema muongo. Nimesema fiksi.

Mbulu Juu:
Haya mwalimu wa historia. Pini zinabadilishwaga pia, au hulijui hilo?

Mzee wa Cat 2:
Zinabadilishwa. Na namba zinapigwaga chapa popote 😂

Dada wa Basotu:
Jamani acheni ugomvi wa pini nisimulie, maana huu uzi umenitoa machozi kidogo na kicheko.

Sisi tumekulia Basotu, baba alikua dereva kwenye mashamba ya ngano kabla hajaacha kazi akanunua 135 yake mwenyewe, mbovu mbovu, akaifufua. Skupu alitengenezewa na fundi wa pale pale kijijini, nzito kupita kiasi maana baba alikua haamini kitu chepesi. Mimi ndio mtoto wa kwanza, kaka zangu wadogo bado, kwa hiyo trekta nilifundishwa mimi, nilikua na miaka kumi na saba. Mwaka huo tukawa tunachimba lambo la ng'ombe, kazi ndogo tu, unashuka bondeni unakwangua unajaza unapanda ukingoni unavuta kamba unamwaga unarudi. Siku tatu zote nimefanya vizuri baba anakaa kivulini na chupa yake ya chai.

Siku ya nne usiku ilinyesha. Asubuhi udongo umekua mweusi unang'aa, ule wa kushika viatu. Baba akasema tusubiri, mimi nikasema baba mbona umelainika ndio vizuri, kisu kinaingia chenyewe. Na kweli, pasi ya kwanza skupu ilijaa hadi inamwagika pembeni. Nikaanza kupanda ukingo na mzigo. Nilivyofika katikati ya mlima trekta ikapungua nguvu, nikaona niingize gia ndogo, nikakanyaga klachi MPAKA CHINI. Trekta ikaanza kurudi nyuma. Nikavuta mkono wa haidroliki niinue skupu isichimbe, haikuinuka! nikavuta tena, wapi, kumbe kwenye 135 klachi ina hatua mbili, ukikanyaga nusu unakata mwendo tu, ukizamisha hadi mwisho unakata na pampu ya haidroliki, baba alishanifundisha mara ishirini ila siku hiyo kichwa kilikua kimehama. Ile skupu ikarudi ikajikita nyuma kwenye udongo kama nanga. Mimi kwa kuogopa nikaachia klachi ghafla na mafuta nimekanyaga.

Jamani niliona mbingu. Boneti ikapanda mbele yangu ikaziba kila kitu, nikaona moshi wa eksozi unaelekea nyuma yangu badala ya juu, na ndege wawili wanapita. Nakumbuka ndege. Baba huko chini sauti yake sijawahi kuisikia vile, KLACHI!! KANYAGA KLACHI!! Sijui mguu ulitoka wapi, nikakanyaga, pua ikaanguka chini na mshindo meno yangu yakagongana nikajing'ata ulimi. Ekseli ya mbele pini ikakatika, tairi moja likalala, rejeta ikapasuka maji ya moto yanachuruzika kwenye tope yanafuka moshi. Nikashuka miguu inatetemeka nikadhani nitachapwa. Baba amesimama, kandambili moja imebaki kwenye tope huko nyuma, chupa ya chai ameishika mkononi na kifuniko bado. Akanimiminia chai. Hakusema neno. Nikanywa ikachanganyika na damu ya ulimi.

Wiki mbili nzima hakuongea habari ya trekta, hata kwa mama. Halafu siku moja akatoka akaikata ile skupu kwa gesi, akaipunguza upana karibu theluthi, na mbele ya trekta akafunga kipande cha reli iwe uzito. Lambo tukamaliza. Mpaka leo lina maji.

Kokoto:
Daaah

Kitale Moja:
Pole sana dadangu. Huyo mzee wako alikua mtu.

Klachi Nusu:
Hii ya klachi ndio maana nikajiita hivi hahaha. Yangu mimi ilinikuta kwenye geti la nyumbani sio mlimani, namshukuru Mungu.

Mchimba Lambo:
Dada wa Basotu pole sana, na asante kwa kuandika. Baba yupo bado?

Dada wa Basotu:
Yupo, anaishi kwangu. Nimemsomea huu uzi, anasema niwaambie "ukingo upandwe mtupu au usipandwe". Na anasema yule wa Cat 2 yuko sahihi kuhusu ngano.

Mzee wa Cat 2:
Shikamoo baba.

Mbulu Juu:
Mmeshanichoka.

Mwana Mbarali:
Mimi nitumie lugha ya mpunga. Skupu natumia kusawazisha majaruba na Ford 5000. Ushauri, LIMA KWANZA. Pitisha jembe la disc udongo ufumuke ndio uingie na skupu, ukienda kavu kisu kinateleza juu kama sahani kwenye sakafu. Halafu ile top linki, ule mkono wa tatu wa juu, ndio usukani wako, ukiifupisha kisu kinainama kinakula zaidi, ukiirefusha kinalala kinakwangua. Kwenye haidroliki usiguse mkono wa draft, ule ni wa jembe, utashangaa skupu inapanda na kushuka yenyewe, tumia wa position tu, unaoishikilia kwenye kimo ulichoiweka.

Fundi wa Gerezani:
Kulima kwanza ni kuchoma dizeli mara mbili. Weka meno matano kwenye kisu, kazi kwisha.

Mwana Mbarali:
Meno kwenye jaruba? Unasawazisha au unachana nywele? Jaruba linataka usawa wa kalamu, meno yanaacha mitaro.

Fundi wa Gerezani:
Jamaa anachimba bwawa mkuu, hana jaruba. Soma mada.

Kokoto:
Mi nasema atumie watu kumi na majembe. Hawana klachi.

Kitale Moja:
Kwa pande ya Ukambani zamani walikua wanachimba dam na skupu ya ng'ombe, ile ya mikono miwili nyuma kama rukwama. Ng'ombe wanavuta, wewe unainua mikono kisu kinaingia. Polepole lakini haikuinui mbele hata siku moja 😄 Kuna boma hadi leo zina maji ya hizo.

Klachi Nusu:
Swali kwa wakongwe, naweza kurudi rivasi kwenye rundo la mchanga nikachota? Nimeona mtu amefunga skupu imegeuzwa inaangalia nyuma.

Mwana Mbarali:
Unaweza. Mimi nafanya.

Mzee wa Cat 2:
Unaweza mara mbili tatu. Mchanga laini sawa, ila rundo la kokoto au udongo mgumu ile mikono ya chini imetengenezwa kuvuta haikutengenezwa kusukuma. Inapinda. Na top linki ikipinda utaipiga nyundo mpaka jioni hairudi ilivyokua. Minyororo ya kuzuia kuyumba kaza kabla.

Mwana Mbarali:
Miaka sita sijapinda kitu.

Mzee wa Cat 2:
Ford 5000 na 135 ni mtu na mtoto wake.

Fundi wa Gerezani:
Hapo kweli.

Mwanadada Trekta:
Kamba ya kumwagia wakuu hamjaigusa. Mjomba wangu aliifunga kwenye mkono ili asisumbuke kuitafuta, skupu ikafyatuka ikavuta, bega likatoka. Kamba ishike tu, usiizungushe kiganjani, na isiwe ndefu ikaburuta karibu na tairi la nyuma, tairi likiidaka inakuja na wewe. Yangu nimefunga kwenye matigadi na mpira wa tyubu inajirudisha yenyewe.

Kokoto:
Na mbele kwenye boneti si tunaweka utingo akae? Kilo themanini hizo bure.

Dada wa Basotu:
Usithubutu.

Kokoto:
Nilikua natania dada

Dada wa Basotu:
Najua. Wengine hawatajua.

Mbulu Juu:
Mchimba pima na uzito kabla. Lita 300 za udongo mkavu uliofumuka zinakaribia kilo 400, ukilowana zaidi, na hapo hujahesabu chuma chenyewe. 135 itainua lakini mbele itakua nyepesi, usukani unaona kabisa unachezea hewa. Mimi huwa najaza nusu. Hata kama skupu ni ya Kongwa 🙂

Mzee wa Cat 2:
Nimeipenda hiyo. Amani.

Valmet ya Kibaha:
Kuna mtu ana skupu ya Valmet? zile zilizounganishwa Kibaha. Naona wote mnaongelea Massey.

Fundi wa Gerezani:
Leta vipimo vya mikono.

Mchimba Lambo:
Mrejesho wakuu. Jumamosi nimerudi Karatu na mapipa mawili nimeyapasua katikati kwa urefu nikayachomelea miguu, mahori manne mapya. Yule mzee kakubali tubadilishane, na chai juu. Skupu tumeipakia kwenye tela watu watano. Chini ina matundu mawili ya kutu saizi ya ngumi na pini ni za 22, zinaingia kwenye 135 yangu bila kugonga nyundo. Nimekata shauri kubandika plate mpya chini na blade ya greda mbele, meno hapana, upana nimeshamwambia fundi apunguze.

Shida ni moja tu, tulivyokua tunaondoka ng'ombe wake wawili walikuja wakasimama pale pale ilipokua, mahori mapya yako hatua tatu pembeni yamejaa maji, hawayaangalii, wanatuangalia sisi.

Kokoto:
Picha mkuu